Sauti Iliyofika Wamaza

Wamaza, tarehe 9 Oktoba 2023

Yaya Aicha,

Salamu zikukute wewe dada yangu mukubwa na shemeji Iliasi, na Binti ambaye sasa lazima amekuwa murefu, na zaidi ya wote Mama. Mimi niko muzima, ninakula, ninalala, Mungu ashukuriwe. Mvua imeanza huku na barabara imekuwa supu. Barua hii nimemupa Atumani wa moto, yule wa pikipiki, usishangae ikifika na matope.

Kazi ya kuchimba dhahabu kule Lusangi nimeiacha kabisa. Nimefungua kibanda hapa Wamaza, kando ya soko: pano mbili za umeme wa jua juu ya bati, betri ya gari, na ordinatere, kompyuta ya zamani yenye miziki yote unayoweza kufikiri. Watu wanaleta telefone zao kuchaji, na anayetaka muziki ninamutilia ndani ya kadi ya telefone yake. Nimeweka kayee mezani, daftari tu, kila mutu anaandika jina la wimbo anaoutaka. Ni utaratibu muzuri, hakuna kubishana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mukate wa muchele. Jirani yangu hapa ni mama mumoja wa Butembo, anaitwa Kavira, anapikia watu wa machimbo chakula. Aliniuliza watu wa Kasongo wanakunywa chai na nini asubuhi. Nikaanza kumueleza mukate wa Mama, rangi yake, matundu yake ndani, ule ukoko wa juu. Nikafika katikati nikaona ninajua kuula tu, kuupika sijui. Ninaomba umukalishe Mama, akuambie hatua kwa hatua, wewe uandike. Uandike kwa karatasi, yaya. Usijaribu kupiga telefone. Rezo, mutandao wa telefone, huku haiko.

Mudogo wako,
Faradji


Kasongo, tarehe 2 Novemba 2023

Mudogo wangu Faradji,

Assalam alaikum. Barua yako ilifika imekunjwa mara sita na ikinuka mafuta ya moto, lakini ilifika. Iliasi anakusalimu, ameanza kufyeka shamba la ng'ambo. Binti yuko darasa la nne, darasa langu mwenyewe, na ananiita Mwalimu mbele ya wenzake kama vile hanijui. Mzee Yakubu wa madrasa anauliza habari zako kila Ijumaa. Anasema toka uondoke, maulidi imekuwa ya watu kuguna tu, hakuna sauti ya kuongoza kasida wala mukono wa kupiga dufu. Mama anapumzika sana siku hizi. Sokoni haendi tena, nimemukataza, jua ni kali.

Sasa mukate wako. Nilikaa na Mama nikiwa na kalamu. Akanitazama, akauliza:

"Unaandika nini?"

"Mukate, Mama. Faradji anataka kujua."

"Mukate hauandikwi. Utaandikaje sauti ya sufuria? Lete ile telefone yako inayoshika maneno. Asikie kwangu mwenyewe."

Basi alipika, siku ile aliyopata nguvu, na mimi nikashika telefone juu ya jiko kama mutu wa redio. Yote imo ndani ya hii kadi ndogo niliyoishonea ndani ya kitambaa. Baadaye alinituma maji, nilipotoka akaendelea kuongea peke yake na telefone. Aliponirudishia telefone alisema: "Usisikilize mwisho. Mwisho ni wa Faradji." Sikusikiliza. Nimemulea Binti kwa kumukataza kufungua vitu vya watu, siwezi kuanza mimi.

Kwa hiyo sikiliza mupaka mwisho, ukiwa peke yako. Kisha ujibu, kwa sababu kuna jambo amekuuliza. Ananihesabia siku.

Ni mimi yaya yako,
Aicha


Wamaza, tarehe 27 Novemba 2023

Yaya Aicha,

Ninakusalimu na nyumba yote. Kadi imefika salama. Mwambie Mama asante sana, umwambie hivyo hivyo: asante sana. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Mukate nimeujaribu kwenye jiko la Kavira. Chini uliungua, katikati ukabaki uji. Kavira aliula hata hivyo, kwa heshima. Nadhani vipimo vimenipita. Yaya, unaweza kuniandikia vipimo kwenye karatasi? Makopo mangapi ya muchele, maji kiasi gani, levire ya kuumulia kiasi gani, moto unakaa juu kwa muda gani. Maneno ya telefone yanakimbia, karatasi inakaa.

Habari za huku. Kuna mujeune mumoja, kijana wa machimbo, aliniletea kadi yake akiwa amekasirika. Nilimutilia wimbo mumoja wa harusi, na kumbe wimbo ule ulikatika katikati, unaanza tu na kufa. Alikuwa ameupeleka kwenye sherehe ya dada yake, wakawasimamisha watu wote wacheze, ukanyamaza. Alidhani nimemufanyia makusudi. Nilimurudishia pesa yake na kumuomba musamaha. Toka siku ile, mutu akichukua muziki ninamuomba ausikilize palepale mbele yangu, na mimi ninamuangalia uso. Uso ukifunguka, najua wimbo ni muzima.

Mama ajitunze. Anywe uji.

Faradji


Kasongo, tarehe 20 Desemba 2023

Faradji,

Salamu. Sisi tuko wazima, isipokuwa Iliasi aliyejikata kidole na panga, si sana. Barua yako ilichelewa, muto Luama ulijaa na Atumani alingoja siku nne upande ule. Maembe ni mengi mwaka huu, watoto wanakuja shuleni midomo ya manjano.

Vipimo ni hivi. Makopo matatu ya muchele, uloweke kutoka jioni mupaka asubuhi, uutwange uwe unga laini. Chukua unga wa kiganja kimoja, uupike uji muzito, uuache upoe, ndipo uuchanganye na unga uliobaki, sukari, iliki, na levire kijiko kimoja. Ufunike mahali pa joto mupaka uumuke. Upake sufuria mafuta. Moto kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Muda sijui. Mama hapimi muda. Anagonga sufuria na kijiko na kusikiliza, na hilo ulilisikia wewe mwenyewe kwenye kadi, kwa hiyo sielewi kwa nini unaniuliza mimi.

Sasa niseme jambo lingine. Nilimuuliza Atumani kuhusu rezo ya Wamaza. Alisema rezo iko, nyuma ya shule, watu wote wanakwenda pale saa kumi za alasiri, na yeye mwenyewe anampigia muke wake pale. Alisema tena kwamba alipokuletea kadi alikuita jina mara tatu kutoka nyuma na hukugeuka mupaka alipokushika bega. "Ndugu yako amekuwa mutu mukubwa," akaniambia.

Sijui ni nini tulichokukosea. Kama ni ile siku Mama alipokukatalia kwenda kwenye dhahabu, maneno yalikuwa ya mama kwa mutoto wake, na imepita miaka. Alikuuliza jambo kwa mudomo wake. Mwezi na nusu sasa. Asubuhi moto unapowashwa swali lake la kwanza ni "Amejibu?" Nimechoka kumuambia mvua, nimechoka kumuambia barabara.

Mujibu mama yako.

Aicha


Wamaza, tarehe 14 Januari 2024

Yaya,

Heri ya mwaka mupya kwako, kwa Iliasi na kidole chake, kwa Binti, na kwa Mama.

Usinikasirikie. Hakuna aliyenikosea kitu. Kuna mambo hayaelezeki kwa barua, nitakuja nieleze mwenyewe, labda baada ya masika. Mwambie Mama jibu langu ni ndiyo. Chochote alichoniuliza, ndiyo.

Ninamutumia kitenge, ni ile rangi ya kahawia anayoipenda.

Mukate umekubali sasa. Nimeacha kujali saa, ninanusa. Kuna harufu ya unga mubichi inayokwenda, halafu inakuja harufu kama ya karanga zinazokaangwa, hapo ninaepua. Kavira sasa anauza vipande kila asubuhi na watu wa Kasongo waliopotelea huku wanakuja kuula kimya kimya wakitazama chini.

Jana Djuma muuza chumvi alipita kunisalimu. Alinishika mukono kwa mikono yake yote miwili. Sikujua kama ananipenda hivyo. Alikuwa na haraka.

Mudogo wako,
Faradji


Kasongo, tarehe 15 Januari 2024

Faradji,

Sitakusalimu habari za nyumba, habari za nyumba unazijua.

Mama alifariki Ijumaa, tarehe 12, baada ya sala ya adhuhuri. Tulimuzika alasiri ileile. Ilikuwa tumbo. Toka mwezi wa nane hopitali walituambia hakuna la kufanya ila kumupunguzia maumivu. Alinikataza kukuandikia. Alisema atakuambia mwenyewe, na alikuambia, ndani ya ile kadi.

Ijumaa hiyohiyo nilimupigia Djuma wa chumvi, aliyekuwa njiani kuja huko, namba yake alinipa Atumani. Nilimuomba akutafute kwanza kabla ya kuuza chochote. Jumamosi jioni alinipigia kutoka kule nyuma ya shule. Nilimuuliza:

"Umemupata?"

"Nilimupata. Nilimushika mukono, nikamuambia, Faradji, mama yako ametangulia, pole sana."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu, Mwalimu. Alitikisa kichwa. Akacheka kidogo hivi, kama mutu anayekubali. Halafu akarudi kwenye waya zake."

Nilimuomba anirudilie, nikidhani rezo imekata maneno. Akanirudilia vilevile.

Nilikaa matanga bila kumuambia mutu yeyote jambo hili. Watu waliuliza uko wapi, nikasema barabara. Mzee Yakubu ndiye aliyesimamia dua ambayo wewe ungeisimamia. Sauti yake ilikatika, wakamumalizia wengine.

Sijui kama ninataka ujibu barua hii. Ninakuandikia ili iwe imeandikwa.

Aicha binti wa mama yako


Wamaza, tarehe 25 Januari 2024

Yaya Aicha,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimejua leo. Nimejua kwa barua yako, hapa kwenye kiti changu, na mutu alikuwa mbele yangu akingoja telefone yake. Djuma hakuniambia. Djuma aliniambia, lakini sikusikia.

Sisikii, yaya. Sisikii kitu chochote.

Niandike kwa mupango, maana mukono unataka kukimbia. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2022, kule Lusangi. Homa ilinikamata na kichwa, halafu shingo ikakaza kama ubao. Waliita meningite, homa ya uti wa mugongo. Siku kumi na moja sijui nilikuwa wapi. Nilipofungua macho niliona watu wamekaa karibu yangu wanachezesha midomo. Nikadhani wananitania. Nikasema, "Semeni basi," na sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Nilingoja masikio yafunguke. Wiki, mwezi. Yalibaki na mulio mumoja, kama mvua ya mbali juu ya bati, kisha hata huo ukaondoka.

Ndiyo sababu niliacha shimo. Asiyesikia mwenzake akipiga kelele "Toka" hawezi kushuka. Nikaja hapa Wamaza ambako hawanijui, nikafungua kibanda cha muziki. Utauliza kwa nini muziki. Kwa sababu majina ya nyimbo nilikuwa ninayajua yote, na ordinatere haiulizi kama unasikia. Kayee ile mezani ni kwa ajili ya masikio yangu. Kavira peke yake ndiye aliyejua. Wengine wanadhani nina majivuno, nimewaacha wadhani.

Rezo iko. Ningeweza kukutumia mesaje ya maandishi toka zamani. Lakini ungejibu kwa kupiga, ninakujua, na nisingepokea, na ungepiga tena.

Kwa nini sikusema. Wewe unajua nilikuwa nani hapo Kasongo. Mutu wa dufu, mutu wa kasida. Mama alikuwa akisimama mulangoni mwa wanawake anisikilize, na wenzake walimusogezea nafasi. Nikimuambia hii imekwisha, anabaki na nini cha kwangu? Nilitaka kwanza nipate njia ya kuishi, halafu niseme. Siku zikapita, na kila siku ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Kadi ya Mama. Siku ilipofika nilifunga kibanda. Niliweka telefone juu ya mufupa wa kifua, nikafungua sauti yote. Ilitetemeka. Nilikaa hivyo mupaka ikaisha. Pale ilipotetemeka nilijua Mama anasema, pale iliponyamaza nilijua anavuta pumzi. Mwishoni kulikuwa na kunyamaza kwingi. Nilirudilia mara nyingi, siwezi kusema ngapi.

Kavira aliandika kwenye kibao chake cha chaki: "Nipe nisikilize, nikuandikie." Nilikataa. Sikutaka maneno ya mama yangu yaingie kwenye sikio la mutu mwingine kabla ya langu. Hilo ndilo kosa langu, yaya, si masikio. Masikio ni ya Mungu. Kama ningemupa kadi siku ile, ningekuwa hapo kabla ya Desemba kuisha. Nimeligeuza jambo hili pande zote, halina upande ambao ninaponea.

Hukunikosea kunifikiria vibaya. Ningefikiri vilevile.

Kama unaweza, kama bado unaweza kunifanyia kitu, niandikie kilicho ndani.

Faradji


Kasongo, tarehe 3 Februari 2024

Mudogo wangu,

Barua yako ilinikuta shuleni wakati wa mapumuziko. Niliisoma nimesimama. Kengele ikalia, watoto wakaingia wakakaa, na mimi niko palepale. Binti ndiye aliyekuja kunishika mukono, na siku hiyo hakuniita Mwalimu.

Nina maneno mengi, nayaacha. Nitasema moja tu: mimi pia nilikuficha. Nilikuandikia "anapumzika" nikijua maana yake. Kama ningeandika neno moja la kweli, ungekuja bila kungoja kadi. Kwa hiyo usilichukue kosa lote kama ni mali yako peke yako.

Sauti ingali kwenye telefone yangu. Nimekaa nayo siku tatu, nikisimamisha na kuandika. Sikuruka kitu.

*Mama:* "Inashika?" *Mimi:* "Inashika, Mama." *Mama:* "Faradji, ni mimi." Anakohoa mara mbili. Sauti yake ni ileile, ila imekuwa nyembamba, kama mutu anayesema akiwa amelala ubavu. Kuku analia nyuma ya nyumba. Kisha anaeleza muchele na uji na levire kama nilivyokuandikia. Anasema, "Usiufunue funue, Faradji, wewe una haraka toka tumboni," na hapo anacheka, muda mufupi.

Kisha: "Sasa sikia." Anagonga sufuria na kijiko. Sauti ni fupi na nzito, kama kugonga gunia lililojaa. "Huu bado." Kuna kimya kirefu, makaa yanapasuka, ninasikika nikipepea moto. Anagonga tena. Sasa sauti iko wazi na inakaa kidogo hewani, kama kugonga mulango wa nyumba ambayo vitu vyake vimehamishwa. "Huu umeiva. Umesikia tofauti?" Ananyamaza, kama anakungoja ujibu.

"Aicha, nipe maji." Nyayo zangu zinaondoka.

Kuanzia hapa mimi nimesikia kwa mara ya kwanza juzi. Nilifikiri kuacha sehemu moja. Nimeiandika.

"Faradji. Dada yako ametoka. Tumbo langu haliponi, baba. Usimukasirikie Aicha, nimemufunga mudomo. Sikuiti. Kama kazi imekushika, kaa na kazi yako." Anapumua. "Nimefikiri kwa nini hupigi. Nikasema labda ni ile siku niliyokuambia ukienda kwenye dhahabu usinihesabu mama. Yale maneno niliyasema kwa woga. Kama ndiyo yanayokuzuia, yatoe. Mimi nimeyatoa zamani." Hapa ni kimya kirefu kuliko vyote. Nilipima: hesabu ya ishirini na mbili. Mbali mutoto anaita mwenzake. "Ninakuuliza kitu kimoja. Unaweza kunitilia sauti yako kwenye hii kadi na kuirudisha? Si lazima kasida. Sema chochote. Sema ulichokula. Mutu nikimusikia ninajua kama amekonda." Kisha: "Sasa hii inazimwaje?" Kitu kinagusa telefone. Mwisho.

Ndiyo yote.

Ile barua yako ya Januari, yenye kitenge na jibu la ndiyo, ilifika siku tano baada ya mazishi. Sikuwa na wa kumusomea. Kitenge nimekiweka kwenye sanduku lake.

Arobaini ni Jumanne tarehe 20. Sikuandikii uje. Ninakuambia tarehe.

Yaya yako,
Aicha


Wamaza, tarehe 14 Februari 2024

Yaya Aicha,

Salamu kwako, kwa Iliasi, na kwa Binti, umwambie ninamushukuru kwa kukushika mukono.

Nimesoma. Kavira alinipa kiti nyuma ya jiko lake na akawazuia watu. Nilipofika pale pa hesabu ya ishirini na mbili nilihesabu mupaka ishirini na mbili, polepole. Nilikuwa ninakijua kile kimya. Kifuani kilikuwa kirefu vilevile.

Sikumukasirikia hata siku moja. Ninakuambia wewe, kwa sababu hakuna tena mwingine wa kumuambia. Yale maneno ya dhahabu mimi nilikuwa nimeyasahau. Yeye ndiye aliyekaa nayo, miaka yote hiyo, na mimi huku nilikuwa najificha kwa ajili ya jambo lingine kabisa. Sijui mutu anaweka wapi kitu kama hiki.

Jumapili nilijaribu kasida. Kavira alikaa mbele yangu. Nilianza, nikafika ubeti wa pili, nikaona uso wake haufunguki, unavumilia. Nikaacha. Alichukua kibao, akaandika kitu, akakifuta kabla sijasoma, akaenda kuosha sahani. Kwa hiyo kwenye arobaini msiniombe kusoma. Amusaidie Mzee Yakubu mutu mwingine. Mimi nitakaa, nitafungua mikono, nitaitikia nikiona wengine wanaitikia.

Kibanda nimekifunga. Kabla ya kufunga niliandika kwa chaki kwenye mulango, herufi kubwa: FARADJI HASIKII. ANDIKA. Watu walisimama wakasoma. Yule mujeune wa wimbo uliokatika alikuja, akasoma, akaenda. Kisha akarudi akaandika kwenye kayee: "Sikujua, grand," kama anavyoitwa kaka mukubwa. Wengine wakaandika chini yake. Sikutegemea. Nimezoea kuonekana mutu wa majivuno, sasa itabidi nizoee jambo lingine.

Tunaondoka Ijumaa asubuhi na Atumani, tukilala njiani. Luama imepungua, anasema tutavuka bila kungoja. Jumamosi nitakuwa hapo. Nipeleke makaburini kwanza, kabla ya nyumba.

Jambo moja, yaya, na uwaambie watu wote wa matanga. Wakiniona watapaza sauti, kila anayejua anafanya hivyo. Wasifanye. Haisaidii, na sura zao zinakuwa kama za watu wenye hasira. Waje mbele yangu, mahali penye mwanga, waseme polepole nione midomo. Nitaelewa.

Faradji